UCHUNGU HAUFUKUZI SUKARI
Somo juu ya dawa za miti na ugonjwa wa sukari



Kwenye dispanseri tunasikia neno moja mara nyingi: "Munganga, sukari ni tamu. Basi nikinywa kitu kichungu, uchungu utaifukuza." Wengine wanakuja na chupa ya maji ya mizizi. Wengine wanatafuna maganda ya mti asubuhi, mbele ya kwenda kazini. Neno hilo linaonekana kuwa na akili. Ikiwa tamu na chungu ni maadui mdomoni, kwa nini wasiwe maadui hata ndani ya damu?

Leo tutajibu swali hilo polepole. Hatutamcheka mtu anayetumia miti. Mtaona hapa chini kwamba kidonge tunachotoa zaidi kwa wagonjwa wa sukari kina babu yake katika majani ya porini. Lakini mtaona pia kwa nini hatuwapi majani yale yenyewe.

1. ULIMI HAUPIMI DAMU

Kwanza tuujue ugonjwa. Bukari, mkate, wali, viazi na mihogo vinavunjwa tumboni na kuwa sukari. Sukari hiyo inaingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinachoitwa kongosho, ambacho kinatoa insulini. Insulini ni kama ufunguo: inafungua milango ya mwili ili sukari itoke katika damu, iingie katika misuli, iwe nguvu ya kufanya kazi.

Kwa wagonjwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho imeacha kabisa kutoa insulini. Hao wanaishi kwa sindano. Kwa wengine, walio wengi zaidi, insulini ipo lakini mlango umekuwa mgumu, na kongosho inachoka kidogo kidogo. Ndio ugonjwa tunaouona kwa watu wazima, zaidi wenye tumbo kubwa, au wenye baba au mama aliyekuwa nao.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: ini nalo linatoa sukari. Usiku umelala, hukula kitu, lakini ini linaendelea kutuma sukari katika damu ili ubongo usife njaa. Kwa mgonjwa wa sukari, ini linatuma kupita kiasi. Shika neno hilo, tutalirudia.

Sasa weka tonge la bukari juu ya ulimi. Je, ni tamu? Hapana. Lakini baada ya saa moja limekwisha kuwa sukari katika damu. Ulimi umekudanganya. Basi ikiwa ulimi hauwezi kukuambia kipi kinapandisha sukari, utakuambiaje kipi kinaishusha? Uchungu ni habari ya mdomo. Unaishia mdomoni. Katika vitu vichungu kuna vinavyoshusha sukari, kuna visivyofanya lolote, na kuna vinavyoharibu figo na ini.

Kipimo cha kweli ni tone la damu la kidoleni. Mtu akipimwa asubuhi mbele ya kula, na sukari ikawa 126 mg/dl au zaidi, kisha ikawa hivyo tena siku nyingine, huyo ana ugonjwa wa sukari. Ikishuka chini ya 70, hiyo pia ni hatari, na hatari yake inakuja haraka zaidi.

2. BABU WA KIDONGE

Katika Ulaya ya kusini kuna mmea wenye maua ya rangi ya zambarau, unaoitwa galega. Tangu zamani watu wa huko waliutumia kwa magonjwa mbalimbali. Wafugaji waliujua kwa jambo lingine: kondoo waliokula galega nyingi walikufa.

Mwaka 1914 mkemia wa Ufaransa, Georges Tanret, alitoa ndani ya mmea huo kitu alichokiita galegini. Baadaye wakaona kwamba galegini inashusha sukari ya damu. Katika miaka ya 1920 wanganga wakaijaribu kwa wagonjwa. Ilishusha sukari kweli. Lakini kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru, nafasi ilikuwa ndogo mno. Wakaiacha.

Wakemia wakatafuta ndugu zake, vitu vinavyofanana nayo lakini visivyo na sumu kama yake. Mmoja wao, metformini, ulikwisha kutengenezwa mwaka 1922, lakini ulikaa muda mrefu bila kutumiwa kwa ugonjwa wa sukari. Mwaka 1957 munganga mmoja wa Paris, Jean Sterne, akatangaza kwamba ameutumia kwa wagonjwa wa sukari na umewafaa. Dawa ikapewa jina Glucophage, maana yake "mla-sukari".

Mwaka 1998 wanganga wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi uliochukua miaka mingi: katika wagonjwa wanene, waliopewa metformini walikufa wachache kuliko waliofuata mashauri ya chakula peke yake. Ndicho kidonge unachopewa pale dirishani, cha 500 au 850.

Kinafanya nini? Kumbuka ini. Metformini inaliambia ini lipunguze kutuma sukari, tena inasaidia milango ya mwili kusikia insulini. Kidonge hiki si kitamu, lakini hakiponyi kwa sababu ya ladha yake. Kinaponya kwa sababu ya kazi yake katika ini, na kwa sababu kipimo chake kinajulikana.

3. JIWE LA KIJANI NA WAYA WA UMEME

Wewe unayefanya kazi kwenye shimo unalijua jiwe la kijani, malakiti. Wazee wa Katanga walijua tangu zamani kwamba ndani yake kuna shaba. Waliliyeyusha katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba. Hawakukosea: shaba imo kweli.

Lakini hakuna fundi anayechukua jiwe la kijani na kulifunga juu ya nguzo za umeme. Linapondwa, linachujwa, linapita katika moto au katika asidi, na mwisho umeme unatoa shaba safi kupita 99 kwa mia. Na laboratwari inapima kila mara, kwa sababu mawe mawili ya kijani yaliyotoka shimo moja hayana shaba sawa.

Majani na mizizi ni vivyo hivyo. Mti wa mahali pakavu si sawa na mti wa kando ya mto. Mzizi wa mwezi wa kiangazi si sawa na mzizi wa wakati wa mvua. Mmoja anachemsha dakika kumi, mwingine anachemsha saa mbili. Mmoja anakunywa kikombe, mwingine chupa nzima. Huenda dawa imo. Lakini ni kiasi gani? Na pamoja na kitu gani kingine? Mtu anayekunywa bila kujua hayo, anafunga jiwe kwenye nguzo akingoja taa iwake.

4. UA LA MLANGONI

Mbele ya nyumba nyingi katika kambi zetu kuna ua zuri, la rangi ya waridi au nyeupe, linaloitwa kwa Kifaransa pervenche de Madagascar. Katika nchi nyingi watu walikunywa chai ya majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Majani kutoka Jamaika yalifika Kanada, na huko Robert Noble na Charles Beer wakayachunguza kwa panya.

Sukari ya panya haikushuka. Badala yake, askari weupe wa damu, wale wanaolinda mwili, walipungua sana, na panya wakafa kwa maambukizo. Watafiti hao walikuwa na akili: walifikiri kwamba kitu kinachopunguza askari weupe kinaweza kusaidia wagonjwa wa kansa ya damu. Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini, ambayo mpaka leo inatumiwa kwa kansa fulani, kwa sindano na chini ya macho ya munganga.

Angalia sasa: watu walitafuta dawa ya sukari, wakapata dawa kali ya kansa. Aliyekunywa chai ile kila siku alifikiri anashusha sukari. Kumbe alikuwa anacheza na kitu kinachoweza kuua askari wake mwenyewe. Na mgonjwa wa sukari ndiye anayewahitaji zaidi, maana vidonda vyake vinachelewa kupona.

5. KININI, DAWA CHUNGU TUNAYOIJUA SOTE

Mtu atasema: "Lakini kuna dawa chungu inayoshusha sukari." Ni kweli, nayo ni kinini. Kinini inatoka katika maganda ya mti wa sinkona, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na ambao katika nchi yetu umelimwa Kivu. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kinini safi katika maganda hayo.

Kinini inaisukuma kongosho itoe insulini nyingi. Mgonjwa wa malaria kali, na zaidi mama mwenye mimba, anaweza kupoteza akili kwa sababu sukari yake imekwisha. Ndiyo maana kinini ya mshipa inatiwa ndani ya serumu yenye sukari, na sisi tunapita na kupima damu yake tena na tena.

Je, tuwape kinini wagonjwa wa sukari? Hapana. Haishushi sukari kwa kipimo unachoweza kukitawala, tena ikizidi inaleta kelele masikioni na kusumbua moyo. Hapa uchungu umeshusha sukari, lakini umeishusha kama jiwe linaloanguka kutoka juu ya shimo. Kuanguka si kushuka kwa ngazi.

6. "NILIKUAMBIA, UKACHEKA"

Sasa nawaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe, msaidizi wa munganga.

Dereva mmoja wa gari kubwa la kubeba mawe alikuwa akipokea vidonge vya aina mbili: metformini, na glibenclamide, ambayo inaisukuma kongosho. Siku moja aliniuliza: "Docta, shangazi yangu ameniletea mizizi kutoka kijijini. Niinywe?" Chumba kilikuwa kimejaa watu. Nilicheka mbele yao, nikamwambia: "Baba, wewe unaongoza mashine ya namna hii, na bado unaamini mizizi?" Watu wakacheka pamoja nami. Yeye akanyamaza. Nilifikiri nimemfundisha.

Baada ya miezi michache, usiku, wenzake walimleta wamembeba. Walikuta gari limesimama katikati ya njia, taa zinawaka, naye ameinama juu ya usukani, jasho linamtiririka, anasema maneno yasiyo na maana. Kapita alifikiri amelewa, na alikwisha kuandika jina lake kwa adhabu. Tulipima damu: 38. Tukampa sukari ya mshipa, na baada ya dakika chache akafungua macho, akauliza gari lake liko wapi.

Bibi yake alileta chupa. Mzee huyu alikuwa akinywa glasi mbili za mizizi kila siku, juu ya vidonge vyake. Usiku ule alikunywa, akameza vidonge, na kwa kuogopa kuchelewa akaenda kazini bila kula. Vitu vitatu vilikutana, na kimoja kati yao hakikuwa na kipimo.

Nilimwuliza: "Baba, kwa nini hukutuambia?" Alinijibu bila hasira: "Nilikuambia. Ukacheka."

Njia ile ilikuwa na mteremko mbele yake. Kama gari lisingesimama, leo ningeandika habari nyingine. Kosa lake lilikuwa kuchanganya. Kosa langu lilikuwa kumfunga mdomo. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa wa sukari ninamwuliza kwa utulivu: "Na kwenye miti, unakunywa nini?" Wengi wanajibu, na tunapima pamoja.

7. ALIYELEWA NA ALIYEISHIWA SUKARI WANAFANANA

Kapita, na wewe mwenzake wa kazi, sikieni. Mgonjwa wa sukari akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiwa na njaa ya ghafula, akikasirika bila sababu au akisema ovyo, usianze na adhabu. Msimamishe kazi, umtoe kwenye mashine. Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya sukari katika maji, au kinywaji kitamu. Ngoja dakika 15. Hajapata nafuu? Mpe tena. Kisha ale chakula, na aletwe tumwone.

Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, atasongwa. Mlaze ubavu, umlete mbio.

Mgonjwa anayetumia insulini au glibenclamide awe na vipande vya sukari mfukoni kila siku, hasa anayeshuka chini ya udongo. Hiyo ni sehemu ya vifaa vyake vya ulinzi, kama kofia na taa.

Angalieni pia unga unaouzwa sokoni kwa jina la "dawa ya miti". Si kila mara ni mti peke yake. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na ugonjwa wa sukari walilazwa hospitalini kwa sababu sukari yao ilishuka mno, na 4 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, na zilipopimwa, ndani yake kulikuwa na glibenclamide iliyofichwa. Pakiti ikikuambia "miti tupu", laboratwari inaweza kukuambia neno lingine.

8. MITI ILIYO YA KWELI KATIKA SAHANI

Mama wa nyumba, hapa ndipo kazi yako inapita ya sisi wote. Kuna mimea inayosaidia sukari kila siku, nayo haiuzwi katika chupa. Ni sombe, matembele, lengalenga, majani ya maboga na maharagi. Ndani yake kuna nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzivunja. Zinachelewesha chakula, na sukari inaingia katika damu polepole badala ya kuingia kwa fujo.

Gawanya sahani mafungu manne. Mawili yawe majani. Moja liwe samaki, maharagi au nyama. Moja tu liwe bukari, kiasi cha ngumi ya mkono. Mafuta ya mawese kidogo. Munkoyo wenye sukari, soda na chai ya vijiko vitano si vya kila siku. Lutuku ni hatari mara mbili: inaweza kuangusha sukari usiku, na pamoja na metformini inaweza kujaza asidi katika damu.

Mwenye kula hivyo na kutembea nusu saa kwa siku, sukari yake inashuka kwa ngazi. Haanguki.

9. MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, anayepigwa insulini asiiache kwa sababu ya mti wo wote. Mtoto akikosa insulini, ndani ya siku chache anaweza kuanza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa nguvu, na pumzi yake kunuka kama tunda lililooza. Hapo usingoje asubuhi.

Pili, usiache vidonge kwa sababu umejisikia vizuri. Sukari inaweza kuwa 250 bila kuuma popote, huku inakula macho, figo na miguu.

Tatu, metformini imezwe pamoja na chakula, haitasumbua tumbo sana. Ukitapika au kuharisha sana, njoo kwetu mbele ya kuendelea nayo.

Nne, usiweke majani wala majivu juu ya kidonda cha mguu. Angalia ndani ya buti kila siku. Jiwe dogo ambalo mguu hausikii linaweza kukukosesha mguu.

Tano, ukitumia mti, tuambie. Leta chupa, leta jani, leta jina lake. Hutachekwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kwa nini bukari isiyo tamu inapandisha sukari? Galega ilikuwa na dawa. Kwa nini wanganga waliacha kuitumia yenyewe? Nani nyumbani kwetu anajua mahali sukari ya baba inapowekwa, siku akianza kutetemeka?

Jibuni pamoja, watoto wakisikia. Na kama kuna chupa chini ya kitanda, iletwe kesho.